Koko Alisema Iko

Nashipae alinipigia simu Jumamosi asubuhi nikiwa dukani kwangu Nkoroi, nikifungua mota ya pampu iliyoungua. Tulisalimiana kama kawaida yetu, yeye kwa Kimaasai cha kuzaliwa nacho, mimi kwa changu cha kuokoteza, halafu akasema, "Mueni, Koko Nolari ameenda." Nilikuwa nimeshika bisibisi. Niliiweka chini polepole kana kwamba ingevunjika, nikaanza kuuliza yale maswali ambayo watu huuliza wasipojua la kusema: lini, aliugua nini, alikuwa na nani. Koko kwa Kimaasai ni bibi, na kweli alikuwa mzee sana, Nashipae akasema, hata mwenyewe alishaacha kuhesabu. Alifia Magadi, nyumbani kwa mkwe wake, na wangemleta kuzikwa upande wa Kajiado siku ya Jumatano. "Utakuja?" Nikasema nitakuja. Nilipokata simu nilirudi kwa ile mota, nikakaza tena nati zote nilizokuwa nimelegeza, na sikumbuki kama mwenye pampu alipata kazi yake siku ile.

Mazishi yalikuwa mazuri, kama mazishi ya mtu aliyekula chumvi nyingi huwa mazuri. Baada ya maombi tulipewa wali na nyama na chai ya maziwa matupu, tukakaa chini ya turubai kungoja jua lipunguze ukali. Wale akina mama wa kikundi cha maziwa walikuwa wamekuja, waliobaki, na mmoja wao, mnene, mcheshi, ambaye hata enzi hizo hakuwa anaweza kufunga mdomo, akaanza hadithi. "Mnakumbuka vile Koko aliulizwa kama stima iko? Akasema iko! Na maziwa huko ndani imeshakuwa uji!" Watu walicheka, si kwa ubaya. Walicheka kama mtu anavyocheka akimkumbuka bibi yake, wakipigana mabega, mmoja akifuta machozi kwa ncha ya leso. Vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati ule walicheka pia, maana yake hadithi ile walikuwa wameshaisikia nyumbani. Na mimi nilicheka. Nilikuwa na kikombe mkononi, nikacheka na wenzangu mpaka mwisho, na ninapoandika haya bado naisikia sauti yangu katikati ya zao.

Basi niuseme ule mwaka. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nimetoka polytechnic na cheti cha umeme, na nilikuwa nafanya kazi Kitengela kwa Fundi Karanja. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja cha mawe nyuma ya duka la chakula cha kuku, na kila kitu humo kilinuka vumbi la mahindi na waya ulioungua. Fundi alikuwa mtu wa maneno machache na kikohozi kirefu. Alikupa vifaa, akakuelekeza mahali, na ukiuliza swali alikuangalia kana kwamba umemwomba figo. Saa saba tulikula githeri kutoka kwa mama wa jirani, tumekalia transfoma za welding, na yeye alikuwa anachagua maharagwe kwanza na kuniachia mahindi, akisema sisi watu wa Ukambani tunapenda mahindi hata yakiwa makavu. Nilikuwa nampenda na kumwogopa. Nilitaka siku moja aseme nimefanya kazi nzuri, na katika mwaka mzima alisema hivyo mara moja tu, na ndiyo mara ninayokwenda kuieleza.

Ulikuwa mwaka wa ukame. Ng'ombe walikuwa wanakufa kando ya barabara ya Namanga, na ukipita Isinya ulifunga dirisha kwa ajili ya ile harufu. Kati ya Isinya na Kajiado, ukiingia barabara ya vumbi, kulikuwa na kituo kidogo cha maziwa cha kikundi cha wanawake: chumba cha tangi, kibanda cha jenereta, na chumba kimoja cha pembeni chenye kitanda. Nashipae ndiye aliyekuwa mwenyekiti. Alikuwa na miaka mitatu tu kunizidi, mjane tayari, na ndiye aliyewashawishi wenzake waache kuuzia wachuuzi wa barabarani, wakusanye maziwa yao pamoja, wayapoze, na gari la kampuni liwe linakuja kuyachukua siku moja baada ya nyingine. Chumba kile cha kitanda kilikuwa cha Koko Nolari. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akiona mwanga na vivuli basi, na ng'ombe wake wote walikuwa wamekwisha. Kikundi kilimpa kile chumba naye akawa mlinzi wa tangi. Watu wa nje walicheka kusikia kipofu ni mlinzi, lakini Koko hakuwa analinda kwa macho. Alikaa mlangoni kwenye kigoda, mgongo ukigusa ukuta wa tangi, akisikiliza.

Mara ya kwanza nilipoenda huko niliinamisha kichwa kama nilivyoona vijana wa kwao wakifanya, naye akanigusa utosini kwa kiganja kikavu, akamuuliza Nashipae, "Huyu ni wa nani?" Akaambiwa ni Mkamba, fundi wa stima. "Msichana?" Ndiyo. "Anaitwa nani?" Mueni, na maana yake ni mgeni. Alicheka sana. Akasema basi mgeni anywe chai, na chai yake haikuwa na tone la maji, ilinuka moshi wa ule mti wa oloirien wanaosafishia vibuyu, nzito kiasi kwamba ilinishikilia mpaka jioni. Tukiwa tunakunywa akainua kidole. "Ngoja," akasema. "Sasa." Na kweli mashine ya tangi ikawaka, ikaanza kunguruma. "Mimi nasikia hii mashine kama nilikuwa nasikia ng'ombe," akaniambia. "Ikilala najua. Ikiamka najua. Ikiwa na njaa ya stima najua." Kwa hiyo stima ilipokuwa inapotea, Koko ndiye alikuwa anapiga kelele, mtu anakimbia kumwita Nashipae, na jenereta inawashwa.

Hiyo ilifanya kazi mpaka siku Koko alipopelekwa Kajiado kupimwa macho. Stima ikaenda asubuhi ile ile na hakuna aliyejua. Gari lilipofika, karani wake akachota maziwa kidogo, akayachanganya na spiriti kwenye kikombe, yakaganda vipande vipande, dalili kwamba yameharibika. Akaondoka mtungi mtupu. Kabla ya kuondoka alimwambia Nashipae kwa upole, maana hakuwa mtu mbaya, kwamba mwaka huu maziwa ni machache na gari linasafiri mbali kuyatafuta, na ikitokea tena hivyo wakubwa wake watakiondoa kituo kwenye njia ya gari. Nashipae alinieleza haya tukiwa nje, akikunjakunja leso. Sikuelewa kwa nini alikuwa anaangalia kile chumba cha pembeni huku anazungumza. Ndipo akanieleza kwamba kituo kikifungwa Koko hana pa kwenda ila kwa binti yake Magadi, kwenye nyumba za kampuni, vyumba viwili, yeye na binti na mkwe wake wa kiume na watoto. Hapo sikuhitaji kuelezwa zaidi. Kwetu Ukambani tunaiita nthoni: mama mkwe na mkwe wake wanaoneana haya, hawali pamoja, wakikutana njiani mmoja anakwepa. Wamaasai nao wana yao, kali pengine kuliko yetu. Kumweka mwanamke wa umri ule alale ukuta mmoja na mkwe wake ni kumvua nguo. "Afadhali nilale na fisi," Koko alisema kutoka mlangoni, kumbe alikuwa anasikia kila kitu.

Kikundi kikaomba kiwekewe kengele ambayo haiendi hospitali. Fundi Karanja alinipa kazi hiyo peke yangu. Alifungua droo, akaniwekea mkononi rilei tatu, akasema, "Chukua na ile betri ya pikipiki na honi yake. Nenda uwafanyie." Basi. Rilei ni kidubwana cha ukubwa wa kiberiti. Ndani yake kuna waya uliozungushwa mara nyingi, na stima ikipita humo unakuwa sumaku, na sumaku inavuta kibati kidogo na kukishikilia. Maadamu stima iko, kibati kimeshikwa. Stima ikienda kibati kinaachiliwa, springi inakirudisha nyuma, kinagusa waya mwingine, wa betri, na honi inalia. Nilikipenda kitu hicho tangu polytechnic. Nilipenda kwamba hakihitaji mtu wa kukiamini wala kukikumbusha, kinashikilia tu, na kikiachiliwa kinasema. Nilifanya kazi siku nzima. Niliunga rilei moja kwenye waya wa taa ya chumba cha tangi, nikafunga kila kitu ndani ya kopo la rangi nililolitoboa, nikapachika honi juu ya mlango. Rilei mbili zilizobaki nilizifunga kwenye nailoni, nikaziweka ndani ya lile kopo kama akiba. Katika kazi yetu kila kitu huharibika, na niliona Fundi amefikiria mbele.

Jioni akina mama walikusanyika, nikazima swichi kubwa. Honi ililia kwa kishindo, mbuzi wakatawanyika, mtoto akaanguka chini kwa kicheko, na Koko akaziba masikio yote mawili. "Hii kitu iko na makelele!" Wakaibatiza pikipiki ya Koko. Tangu hapo stima ikienda ulisikia mtu anasema pikipiki ya Koko imefika, na Nashipae anakimbia kwa jenereta. Siku ile ile nilimshika Koko mkono nikamwambia maneno ambayo ningetoa kidole nisiwe nimeyasema. Nilimwambia, "Koko, sasa upumzike. Usisikilize mashine tena. Sikiliza honi tu. Honi isipolia, stima iko." Akaniuliza, "Hata mashine ikinyamaza?" Nikasema hata ikinyamaza, inapumzika tu, maziwa yameshapoa. Akafikiri. Akasema, "Watoto wa shule mnajua." Aliinua kigoda chake, akakihamisha kutoka ukutani kwa tangi, akakiweka kule upande wa kivuli. Niliporudi Kitengela, Fundi aliniuliza, "Inalia?" Nikasema inalia. Akasema nimefanya kazi nzuri.

Miezi iliyofuata ndiyo niliyoishi vizuri kuliko miezi yote ya ujana wangu, na inaniuma kusema hivyo. Nilikuwa naenda kituoni kila wiki mbili kuangalia betri, lakini ukweli nilienda kwa ajili ya chai na kelele zao. Nilimpelekea Koko muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, niliopika mwenyewe, akauonja, akasema hiki ni chakula cha kuku, akamaliza bakuli. Nashipae alinifundisha kumsalimu: unasema "Takwenya", naye anajibu "Iko". Kwa adabu mkubwa ndiye huanza, ila kwa simu Koko alinisamehe, akasema simu haina mkubwa. Tulicheka kwamba kwa Kiswahili iko ni iko. "Takwenya, Koko." "Iko." "Nini iko?" "Mimi niko!" Ulikuwa mchezo wetu. Stima ilienda mara sita au saba kipindi kile, honi ikalia kila mara, na gari halikuacha kuja. Mvua ilikuwa bado, ng'ombe walikuwa mifupa, lakini yale maziwa machache yalifika kila safari yakiwa salama, na nilikuwa natembea Kitengela kifua mbele kana kwamba mimi ndiye nayatoa.

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Saa nne asubuhi alikuja mteja kutoka Isinya, mama wa kuku, analalamika kwamba pampu yake kubwa haivuti maji. "Na stima iko," akasema, "taa zinawaka vizuri. Na si mimi peke yangu, hata jirani." Fundi alikuwa chini ya mashine ya welding akikohoa, hakusikia au hakujali. Mimi nilisikia, na niliona kuna kitu hakiko sawa. Sikuwa na elimu ya kukipa jina. Nilichukua simu nikampigia Koko. Nilikuwa na salio dogo sana, nikaiweka sauti ya wazi ili nisikie vizuri maana welding ilikuwa inanguruma. "Takwenya, Koko," nikasema, na bila kupumua nikaongeza, "stima iko?" Kukawa na kimya kidogo kile cha simu kusafiri. Kisha sauti yake: "Iko." Na baada yake neno jingine, fupi, lililopanda juu mwishoni, "Kake..." Simu ikakatika. Salio lilikuwa limeisha. Nilibaki nimeishika. Fundi akatoa kichwa chini ya mashine. "Si amesema iko?" akasema. "Kwani unataka akuimbie? Kuja ushike hii waya." Nilisema moyoni kwamba saa saba nitanunua kadi. Saa saba mwenye mashine ya welding alikuja akikasirika, githeri ikapoa, na nilipokumbuka kadi ilikuwa inakaribia saa tisa. Gari la maziwa lilikuwa linafika kituoni saa tisa.

Nashipae aliniambia baadaye jinsi ilivyokuwa. Yeye alikuwa ameenda mkutano Kajiado mjini, akarudi akakuta gari limeshafika na akina mama wamesimama mstari. Karani alikuwa amemwaga kikombe cha kwanza, akajaribu cha pili, akajaribu cha tatu kwa huruma. Vyote viliganda. Taa ya chumba cha tangi ilikuwa inawaka. Honi ilikuwa juu ya mlango, kimya. Koko alikuwa amesimama, mkono wake umelalia ukuta wa tangi, na ukuta ulikuwa na joto kama tumbo la mnyama. Gari liligeuka likaondoka, na vumbi lake, Nashipae alisema, lilikaa hewani muda mrefu kwa sababu hakukuwa na upepo.

Mimi na Fundi tulienda kesho yake. Alifungua lile kopo langu la rangi, akaangalia, akaona nailoni yenye rilei mbili. Hakunipigia kelele, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya. Tulikuwa sisi wawili tu mle ndani. "Nilikupatia ngapi?" akauliza. Nikasema tatu. "Na mashine inakula nyaya ngapi?" Hapo ndipo nilipojua. Mashine kubwa kama ile hailetewi stima kwa waya mmoja wa moto, inaletewa kwa mitatu, na mota inaitaka yote mitatu. Taa inatosheka na mmoja. Fyuzi moja ilikuwa imekatika huko juu kwenye transfoma, waya mmoja ukafa, miwili ikabaki hai, na wa taa ulikuwa mmojawapo wa walio hai. Mota iliguna, ikajizima. Rilei yangu ilishikilia kibati chake kwa uaminifu mchana kutwa, kwa sababu kwake stima ilikuwa iko. Tatu zilikuwa za nyaya tatu, moja kwa kila mmoja. Mtu mwingine yeyote angeuliza. Mimi niliona ni akiba.

Nje, akina mama walikuwa wamekaa na Nashipae. Wakamuuliza Fundi ni nini kimetokea. Na Fundi Karanja, ambaye sikuwahi kumsikia akidanganya mteja, alisimama na kofia mkononi akasema stima ilikuwa na hitilafu, mambo ya transfoma, "lakini sisi saa nne tulipiga simu kuuliza. Tukaambiwa iko." Hakusema uongo hata neno moja. Alikuwa ananifunika, najua, kama mtu anavyomfunika mtoto wake kwa koti. Vichwa vyote vikamgeukia Koko. Mmoja akamuuliza kwa Kimaasai, na hata mimi nilielewa: ulisema iko? Koko alikuwa kwenye kigoda chake, amegeuza uso upande wa sauti zetu. Akajibu, "Nilisema." Kwani hakusema? Aliulizwa kama alisema neno hilo, na alikuwa amelisema, na hakuwa mtu wa kugeuza maneno. Nilifungua mdomo. Nakumbuka nilifungua mdomo kabisa, hewa ikaingia. Kisha Fundi akasema twende, na nikaenda.

Kituo kiliondolewa kwenye njia ya gari wiki ile ile. Akina mama wakarudi kwa wachuuzi. Hakuna aliyemlaumu Koko kwa maneno makali. Walisema ni uzee, walisema maskini, walisema nani anamuuliza kipofu kama taa inawaka. Huruma yao ndiyo iliyomhukumu, maana hukumu ya hasira mtu anaweza kuijibu. Mwisho wa mwezi binti yake alikuja kumchukua. Sikuwepo. Nilikuwa Kitengela nikishika waya. Ni Nashipae aliyeniambia kwamba Koko aliomba kuugusa ule ukuta wa tangi kabla hajaondoka, na ni Nashipae, siku ile ile, tukila chapati zilizokuwa zimepoa chumbani kwangu, aliyenijibu nilipomuuliza kwa mara ya kwanza, "Kake ni nini kwa Kimaasai?" Akafikiri nauliza kujifunza tu. "Kake ni lakini," akasema. "Kwa nini?" Nikamweleza simu ile: takwenya, iko, kake. Aliacha kutafuna. "Basi alikuwa anakujibu salamu," akasema. "Halafu alikuwa anataka kukuambia." Nikamwambia nitaenda Magadi kumwomba msamaha, nitamwambia na habari ya zile rilei tatu, halafu nitarudi niwaambie wote. Nashipae akasema, "Nenda. Mimi nitamwambia kwa simu unakuja, na nitamwambia vile ulisikia kake. Hayo mengine mwambie wewe."

Nilienda Desemba. Joto la Magadi halielezeki; linakungoja mlangoni mwa gari, likakushika uso kwa mikono miwili. Nilipoipata nyumba sikubisha hodi, kwa sababu Koko alikuwa nje. Alikuwa amekaa nyuma ya nyumba chini ya bati moja lililoegemezwa ukutani, kigoda kile kile, mgongo kwa mlango. Jirani aliniambia hukaa hapo tangu alfajiri mpaka mkwe aende kazini, huingia kidogo, na mchana mkwe akija kula hutoka tena. Hakuna aliyemtuma. Mkwe alikuwa kijana wa heshima, na yeye pia alikuwa ameanza kula kwa wenzake ili mama asichomwe na jua. Watu wawili wema walikuwa wanakimbiana katika vyumba viwili. Niliinamisha kichwa. Alinigusa utosini, akanitambua kwa nywele.

"Takwenya," akasema.

"Iko," nikajibu.

Alitabasamu. Aliuacha mkono wake pale kichwani kwangu, akangoja kama alivyokuwa anangoja mashine iamke. Kwa mbali kiwanda kilikuwa kinanguruma. Nilikuwa nimejipanga safari nzima: nyaya tatu, rilei tatu, akiba, Fundi na kofia yake. Nilikuwa na maneno yote.

"Kake?" akaniuliza.

Nikasema hakuna. Nikasema kila kitu kiko sawa, Koko, nimekuja tu kukusalimu.